Kabla ya Gurudumu Kuzunguka: Tawakali, Tahadhari na Dhima ya Dereva wa Lori

Swali la namna ya kuunganisha kumtegemea Mungu na kuchukua tahadhari ni la zamani katika kila dini inayofundisha kwamba ulimwengu una Mwenye kuuendesha, na wanazuoni wamezoea kulijadili kwa mifano ya tauni, safari za jangwani na vita. Mfano utakaotumika hapa ni wa kawaida zaidi, nao ni kuliwasha lori kubwa la mizigo na kuliondoa mahali lilipoegeshwa, jambo linalofanyika kila alfajiri katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma na ile ya Mombasa hadi Malaba. Lori la aina hii, lenye kichwa kinachovuta na tela linalovutwa, linaruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kufikia uzito wa tani 56 pamoja na mzigo wake, kwa hiyo kosa dogo la mwenye kuliwasha huwaangukia watu ambao hawakuwa na njia yoyote ya kulizuia. Watu wa kazi hiyo, kwa upande mwingine, si wapungufu wa dini: kuna dua zilizobandikwa juu ya vioo vya mbele, rozari zinazoning'inia kwenye vioo vya ndani, na majina ya Mungu yaliyoandikwa kwa rangi nyuma ya matela. Ajali inapotokea, neno linalosikika mapema msibani ni kwamba ajali haina kinga, au kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba maneno hayo, yakisemwa juu ya lori ambalo halikukaguliwa, humtwisha Mungu dhima ya mtu, na kwamba mahali pa kuipima imani ya dereva ni ule muda mfupi ambao lori bado limesimama.

Ni lazima kwanza kueleza kinachofanyika katika muda huo, kwa kuwa wanaojadili maadili ya barabarani mara nyingi huanza na mwendo kasi na kuyaacha yaliyoutangulia. Kuliwasha lori kwa usalama huanza na jinsi lilivyoegeshwa jana yake: hendibreki imevutwa au haikuvutwa, kabari zimewekwa kwenye magurudumu au zimeachwa kwenye sanduku, gia imerudishwa fri au imeachwa ikiwa imeingia. Asubuhi dereva hulizunguka lori kwa miguu, akiangalia nati za magurudumu, hali ya matairi, oili, maji ya rejeta, taa, mipira ya upepo inayotoka kwenye kichwa kwenda kwenye tela, na ile sahani ya chuma inayoshika pini ya tela ili vitu hivyo viwili viende kama kimoja. Katika mzunguko huo kuna kitendo kimoja ambacho hakihusu mitambo hata kidogo, nacho ni kuinama na kutazama chini ya tela. Utingo, yaani msaidizi wa dereva, hulala huko kwa sababu ndiko kwenye kivuli mchana na pa kujikinga na umande usiku. Fundi huweza kuwa bado amelala chali akikaza kitu. Mlinzi wa maegesho huweka boksi lake na kujinyoosha. Mbele ya kichwa kirefu kisicho na pua, vilevile, kuna sehemu ya ardhi ambayo aliyekaa kwenye usukani haioni kabisa, na mtoto mdogo akisimama hapo, karibu na bampa, hana tofauti na asiyekuwepo. Dereva aliyepanda bila kuzunguka ameamua, hata kama hakuiweka nia hiyo kwa maneno, kwamba hakuna mtu.

Kuwasha kwenyewe hudai kwamba gia iwe fri na hendibreki iwe imefungwa, kwa sababu starta, mota ndogo ya umeme inayoizungusha injini mpaka ishike, ina nguvu ya kutosha kulisogeza lori zima iwapo gia imeingia. Kuna desturi ya gereji inayostahili kutajwa hapa kwa ubaya wake: swichi ikiharibika, mtu husimama chini kando ya injini na kuziunganisha nguzo za starta kwa bisibisi au spana, huku hakuna aliyeketi ndani. Njia hiyo huruka kila kizuizi kilichowekwa na watengenezaji, na injini ikishika wakati gia imeingia, lori humpanda mwenye kuliwasha. Hakuna bahati mbaya ndani ya tukio hilo. Kila kiungo cha mnyororo wake kilijulikana kabla.

Baada ya injini kunguruma hufuata kusubiri, na sehemu hii ndiyo yenye mengi ya kufikiriwa. Breki za malori makubwa hutumia upepo: kompresa inayoendeshwa na injini huusukuma upepo ndani ya mitungi, na dereva anapokanyaga pedali upepo huo huenda kuzisukuma breki kwenye magurudumu. Breki ya kuegesha, kwa upande wake, hutumia springi nzito ambazo siku zote hutaka kufunga, na upepo ndio unaozizuia zisifunge. Maana yake ni kwamba upepo ukivuja wote, springi hushinda na lori husimama. Wazo la kuufanya upungufu wenyewe ulete kusimama lilitangulia kwenye reli, pale George Westinghouse wa Marekani, aliyekuwa amepata hataza ya breki ya upepo mwaka 1869, alipoiboresha mwanzoni mwa miaka ya 1870 ili bomba likipasuka au behewa likikatika, breki zijifunge zenyewe badala ya kupotea. Katika malori yaliyotengenezwa kwa kanuni za Marekani, presha ya kawaida ya kazi huzidi paundi 100 kwa kila inchi ya mraba. Ikishuka hadi karibu paundi 60 king'ora hulia na taa huwaka. Ikiendelea kushuka, kati ya paundi 45 na 20, springi hujifunga. Baina ya kiwango ambacho springi huachia na kiwango ambacho mitungi imejaa kuna nafasi ya hatari, kwa kuwa lori linaweza kutembea ilhali upepo uliopo hautoshi kulisimamisha mara kadhaa mfululizo. Kusubiri mpaka mshale wa mita upande ni kazi ya dakika chache ambazo hazina kitu cha kufanya ndani yake isipokuwa kusikiliza kama kuna mahali panavuja.

Dakika hizo chache ndizo zinazochukiwa. Wapo wanaoukata waya wa king'ora kwa sababu kinapiga kelele, na wapo wanaokaza boliti iliyo nyuma ya springi, boliti iliyowekwa ili lori lililoharibika liweze kuvutwa, wakaizuia springi isifunge kamwe ili safari isikatizwe na upepo unaovuja. Anayefanya hivyo amekibadilisha chombo kilichobuniwa kwa unyenyekevu, chombo kinachosimama kinapopungukiwa, kuwa chombo kinachoendelea tu. Mwanafalsafa na mwanahisabati wa Uingereza, William Kingdon Clifford, katika insha yake ya mwaka 1877 kuhusu maadili ya kuamini, alitoa mfano wa mwenye meli aliyejua kwamba meli yake ni kuukuu na ilihitaji matengenezo, lakini akajishawishi, kwa kukumbuka safari zake nyingi za salama na kwa kuweka tumaini lake kwa Mungu mwenye kuwalinda wasafiri, mpaka akaamini kwa dhati kwamba meli ni nzima. Meli ilizama baharini na abiria wake. Hukumu ya Clifford ilikuwa kwamba ukweli wa imani ya mtu huyo moyoni haumsaidii kitu, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo juu ya ushahidi aliokuwa nao, na kwamba angekuwa na hatia ileile hata kama meli ingefika salama. Waya uliokatwa wa king'ora ni shaka iliyonyamazishwa kwa koleo.

Wengi humpinga Clifford kwa kusema kwamba hakuna binadamu awezaye kuishi kwa kuamini yale tu aliyoyathibitisha, na pingamizi hilo lina uzito katika mambo ya ibada na mapenzi. Juu ya breki halina uzito. Breki za upepo zina tabia ya kumdanganya mwenye kuzitumia: lainingi, yaani vile vipande vinavyosugua ndani ya dramu la gurudumu ili kulizuia, huisha taratibu, na mkono unaozisukuma hulazimika kusafiri mbali zaidi kuzifikisha, lakini kwenye uwanja tambarare pedali huonekana kushika vizuri. Tofauti hujitokeza kwenye mteremko mrefu, katika kona za Kitonga mkoani Iringa, kwenye mlima wa Iwambi karibu na Mbeya au katika ile sehemu ya Salgaa baina ya Nakuru na Eldoret, ambako dramu hupata moto, likatanuka, na kuongeza umbali ambao ule mkono tayari ulikuwa umefika mwisho wake. Dereva asemaye kwamba breki zilishika jana anasema kweli, lakini jana haikuwa na mteremko. Ujuzi wa hali ya breki haupatikani kwa kukumbuka. Hupatikana kwa kuingia chini ya lori na kupima.

Hapo ndipo swali la kidini linaposimama sawasawa. Tawakali, katika istilahi ya Uislamu, ni kumwachia Mungu mambo kwa moyo uliotulia, na hadithi ya yule mtu aliyemuuliza Mtume Muhammad kama amfunge ngamia au amwache na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kisha ategemee, iliyopokewa na al-Tirmidhi, imerudiwa sana misikitini kiasi cha kuchosha masikio. Inayofaa zaidi kwa shauri hili ni habari ya Khalifa Umar ibn al-Khattab, aliyekuwa njiani kwenda Sham, yaani eneo la Syria, katika karne ya 7 alipopata habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi. Sahaba mwenzake, Abu Ubayda ibn al-Jarrah, alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na jibu la Umar lilikuwa kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu kuingia katika kadari nyingine ya Mungu huyohuyo. Umuhimu wa jibu hilo ni kwamba linaikataa picha ambayo watu wengi huwa nayo bila kuichunguza, ile ya dunia iliyogawanywa kati ya eneo la Mungu na eneo la tahadhari ya mtu, ambapo kila hatua ya ukaguzi hupunguza sehemu ya Mungu. Ikiwa kufungwa kwa breki ni kadari, kuzikagua pia ni kadari, na dereva anayeacha kuzikagua hajamwongezea Mungu chochote.

Pingamizi kali zaidi hutoka ndani ya elimu ya tauhidi yenyewe. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa kwamba hakuna ulazima kati ya moto na kuungua kwa pamba, kwa kuwa Mungu ndiye anayeumba kuungua pale moto unapoigusa, naye anaweza asikuumbe. Na Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, akamjibu kwamba anayezikana sababu ameikana akili, kwani kujua kitu ni kuzijua sababu zake. Msomaji mwenye haraka angetarajia basi kwamba mfuasi wa al-Ghazali ndiye atakayewasha lori bila kutazama mita ya upepo. Al-Ghazali mwenyewe aliufunga mlango huo katika kitabu cha tauhidi na tawakali kilichomo ndani ya Ihya, kazi yake kubwa, alipozigawa njia za riziki kulingana na uhakika wake. Zipo zilizo yakini kwa kawaida aliyoiweka Mungu, na anayekaa mbele ya chakula akikataa kunyoosha mkono wake kwa madai kwamba anamtegemea Mungu ana wazimu, hana tawakali. Kawaida ya Mungu, kwa maelezo hayo, ni kitu cha kusomwa na kuheshimiwa hata na yule asiyeamini kwamba sababu zina nguvu zake zenyewe. Wanazuoni hao wawili walitofautiana juu ya kinachoifanya springi ifunge, lakini mbele ya mita inayoonyesha paundi 40 wote wawili wangesubiri.

Ile dua ambayo Waislamu husoma wanapopanda chombo, iliyotokana na Sura ya 43 ya Kurani, inathibitisha jambo hilo kwa namna ambayo haisisitizwi vya kutosha. Maana yake ni kumtukuza aliyekitiisha chombo kwa msafiri, pamoja na kukiri kwamba msafiri kwa nguvu zake hakuwa na uwezo huo, kisha kukumbuka marejeo kwa Mola. Anayekiri kwamba chombo kinamshinda nguvu, halafu akakiondoa bila kukitazama, ameyapinga kwa mkono yale aliyoyakiri kwa ulimi. Kwa Wakristo fundisho sambamba limo katika Injili ya Mathayo, pale Yesu anapokataa kujitupa kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake, akilihesabu jambo hilo kuwa ni kumjaribu Mungu. Na wapo wafafanuzi wa maadili, Thomas Aquinas akiwa mmojawapo katika karne ya 13, walioiweka tahadhari miongoni mwa sehemu za busara, ambayo ni fadhila ya kujua la kutenda.

Torati inaongeza kipengele ambacho mifano iliyotangulia haina, yaani ujuzi wa awali wa hatari. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinatofautisha ng'ombe aliyepiga mtu pembe kwa mara ya kwanza na yule ambaye tabia hiyo ilijulikana na mwenyewe akaonywa lakini hakumfungia: katika hali ya kwanza ng'ombe huuawa na mwenyewe huachiliwa, katika hali ya pili mwenyewe naye anawajibika kwa uhai wa aliyekufa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamwagiza mjenzi wa nyumba mpya auzungushie ukuta mdogo ukingo wa dari, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Sheria hizi mbili hazimwulizi mtu alikuwa na nia gani siku ya maafa. Zinauliza alifanya nini siku ambayo hakuna kilichokuwa kimetokea. Lori ambalo utingo ameshamweleza dereva kwamba linavuja upepo ni ng'ombe aliyekwisha kuonywa juu yake, na mwenye lori aliyepigiwa simu akajibu kwamba mzigo ufike kwanza amejiweka mwenyewe katika hali ya pili ya sheria hiyo.

Falsafa ya karne ya 20 ilirudi kwenye lori hilohilo, bila shaka pasipo kuwafikiria madereva wa Tunduma. Katika mjadala uliochapishwa mwaka 1976 kuhusu bahati ya kimaadili, yaani hali ambapo sifa au lawama ya mtu hutegemea mambo yasiyokuwa mikononi mwake, Bernard Williams alimtaja dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lake lolote, na Thomas Nagel akamtaja yule aliyezembea kidogo, kwa mfano kwa kutopeleka breki zake kukaguliwa. Dereva wa pili, mtoto akivuka mbele yake, atajilaumu kwa kifo; mwenzake aliyezembea kwa kiasi kilekile, lakini ambaye hakuna mtoto aliyevuka, atafika, atanawa uso na kuagiza chai. Uzembe wao ni mmoja, na hukumu ya watu ni mbili. Nagel aliliona hilo kuwa tatizo lisilo na suluhisho rahisi, kwa sababu tukiondoa kila kilichoathiriwa na bahati hakibaki kitu cha kumhukumu mtu kwacho, na tukikiacha tunamhukumu kwa yasiyokuwa yake.

Mtu wa dini ana namna ya kulijibu tatizo hilo ambayo Nagel hakuwa nayo, ingawa ni nadra kuitumia. Anayeamini kwamba yupo Mwenye kuona pasipo kungoja matokeo anaweza kusema kwamba dereva aliyefika na kunywa chai ameshahukumiwa, na kwamba hukumu yake ilitoka uwanjani alipopanda bila kuinama. Kwa imani hiyo usalama wa kufika haumfutii kitu, kama ambavyo kifo cha ghafla hakimwongezei kitu dereva aliyekagua vyote na bado akapatwa. Huyu wa mwisho ndiye pekee ambaye juu yake maneno ya msibani kwamba ajali haina kinga husemwa kwa haki, na majonzi yake, ambayo Williams aliyaeleza kuwa ni ya namna ya pekee kwa sababu mkono ulikuwa wake, hayapaswi kupunguzwa wala kugeuzwa kuwa hatia. Inasikitisha kwamba msibani maneno hayo hugawiwa wote kwa usawa, na kwa njia hiyo aliyekagua hunyimwa faraja aliyoistahili peke yake.

Dhima hii, hata hivyo, haikai kwenye kiti cha dereva tu. Dereva anayelipwa kwa tripu, yaani kwa kila safari anayoimaliza badala ya mshahara wa mwezi, hugharimia mwenyewe kila dakika anayoitumia chini ya tela, na anayepigiwa simu saa kumi za alfajiri kuulizwa kama ameshaondoka amefahamishwa vya kutosha kwamba ukaguzi ni uvivu. Fikihi ya Kiislamu inamjua mtu anayesababisha madhara pasipo kuyatenda kwa mkono wake, na makanisa yanafundisha dhambi ya kutotimiza wajibu. Elimu hizo mbili zinatosha kumfikia mwenye kampuni pale ofisini kwake. Wahubiri na masheikh wanaoalikwa kuyaombea malori mapya yanapotolewa bandarini wangefanya vizuri kumuuliza mwenye mali, kabla ya kuinua mikono, ni nani anayelipia muda wa upepo kujaa.